Daftari la jumuiya na kalenda ya mkorosho

Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikatoliki katika kigango kimoja, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, wilaya ya Masasi, kusini mwa Tanzania, upande wa barabara iendayo Ndanda. Ukatibu niliupata kwa njia ambayo wengi mnaifahamu: siku ya uchaguzi sikuwepo. Kila Majilio yakianza, kamati ya kigango inadai taarifa ya mwaka: familia zilizo hai na zilizolala, mahudhurio ya Jumamosi, zaka, michango, wagonjwa waliotembelewa, ndoa zinazosubiri kubarikiwa. Jana usiku nikayatandaza mezani madaftari yote niliyorithi, hata lile la zamani ambalo jalada lake limeliwa na mchwa, nikaanza kujumlisha.

Hesabu zenyewe hazikunishughulisha kama sentensi moja inayojirudia. Kila mwaka, mwezi wa Saba, katibu yeyote aliyekuwa zamu ameandika: "Mahudhurio hafifu. Waamini wahimizwe." Mmoja kaongeza "sana" na kuipigia mstari. Kurasa zote hizo, miaka yote hiyo, na hakuna hata mmoja aliyeandika neno salfa.

Kwa msomaji asiye wa Kusini nieleze. Kuanzia Juni mpaka Agosti hivi mikorosho inachipua na kutoa maua, na ua la mkorosho lina adui anayeitwa ubwiriunga, ukungu mweupe unaolikausha kabla halijafunga tunda. Dawa yake ya siku nyingi ni unga wa salfa, na unga huo hupulizwa alfajiri: upepo umelala, umande bado uko majani, unga unashika. Jua likipanda na upepo ukiamka, unapulizia shamba la jirani, au unaipulizia barabara. Sasa jumuiya yetu inasali Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa saa ileile tunayoanza "Tumsifu Yesu Kristo", mwenye mashine yumo shambani amefunga kitambaa puani, na mkewe yuko nyuma yake na mfuko. Mashine nyingi ni za kukodi, zamu yako ikipita imepita. Halafu tunaandika hafifu.

Nikageuza kurasa hadi Oktoba. Oktoba, mwezi wa Rozari, daftari limejaa majina mpaka pembeni, miaka yote. Tunazunguka nyumba kwa nyumba kila jioni, na watu wanakuja moja kwa moja kutoka kuokota, mikono imekolea maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, watoto wanasinzia kufikia fumbo la tatu. Oktoba ndiyo kazi imepamba moto, korosho zinaanguka kila siku na zikikaa chini na unyevu zinaharibika. Kama uchovu ndio unaowazuia watu kusali, ungewazuia mwezi huo. Lakini Rozari ni ya jioni. Ndiyo tofauti yote, na tumeshindwa kuiona kwa sababu tulikuwa tunatafuta dhambi mahali penye suala la saa.

Kwaresima ni habari nyingine, na hapa naandika taratibu. Kwaresima inatukuta Februari na Machi, mvua inanyesha, mahindi yako shambani mabichi, ghalani hamna kitu, na hela ya korosho ilikwisha zamani: ada, bati, deni la dukani. Ukitangaza mfungo wakati huo kuna nyumba unawatangazia kitu ambacho wamekianza wenyewe bila majivu. Bibi yangu alikuwa akisikia mahubiri ya kujinyima anacheka kwa sauti ya chini: "Baba paroko aje kwanza aone chungu." Hakuwa anadharau. Alifunga Ijumaa zote na Njia ya Msalaba alikuwa hakosi, anapiga magoti penye matope kituo kwa kituo, na umri ule.

Ndio pia wakati wa kangomba. Mtu anakuja na fedha taslimu, au na ndoo ya mahindi, anakukopesha leo ili umlipe korosho msimu ujao, na kipimo ni bakuli lake yeye. Serikali imeipiga marufuku na kila mtu anajua, lakini mwenye mtoto anayelia usiku hasomi tangazo. Nikiulizwa toba ya Kwaresima iwe nini kwa parokia za huku kwetu, nitasema: jumuiya ihakikishe hakuna kaya yake inayouza korosho ikiwa bado ua. Akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kwetu wameanza, tena bila kumwuliza mtu. Kikoba chao hakigawi fedha yote Desemba. Sehemu inabaki mpaka Machi, inakopeshwa kwa riba ndogo. Mwaka huu ilisaidia nyumba kadhaa. Hilo halimo kwenye fomu ya taarifa, fomu haina mstari wake. Nimeliandika pembeni.

Mwaka huu, 2025, Ramadhani ilianza siku chache tu kabla ya Jumatano ya Majivu, ambayo ilikuwa 5 Machi. Kusini nyumba moja ina dini mbili bila ajabu yoyote: mjomba wangu ni Mwislamu, mama yangu alibatizwa Ndanda, na wote wamelelewa na bibi mmoja. Kwa hiyo mwezi mzima hakukuwa na mtu wa kumkaribisha mwenzake chai ya mchana. Jioni tulifuturu wote. Mjomba alinitania kwamba mfungo wetu ni wa kuchagua, nikamjibu wao wanakula usiku. Tukamalizana hapo, uji ukamiminwa.

Pasaka huku ina mvua karibu kila mara. Ile ya 2019 iliangukia 21 Aprili, na siku chache baadaye, Alhamisi, tukawa tunasubiri kimbunga Kenneth. Watu wa Mtwara mjini waliambiwa wahame mabondeni na pwani, shule zikafungwa. Huku kwetu bara watu waliongeza mawe juu ya bati. Mwishowe kikaingia upande wa pili wa mto Ruvuma, Cabo Delgado ya Msumbiji, kikawaumiza majirani zetu. Nakumbuka sala za Jumapili iliyofuata zilikuwa na kigugumizi: unamshukuruje Mungu kwa upepo uliokwenda kwa shemeji yako? Wamakonde wako pande zote mbili za mto. Katekista aliona ugumu huo akaacha kushukuru, akasoma zaburi tu.

Pasaka ya mwaka huu tuna cha kukumbuka pia. Jumatatu ya Pasaka ni siku ya ubatizo wa watoto wachanga, kanisa linajaa vilio na vitenge vipya, na siku hiyo, 21 Aprili, Baba Mtakatifu Fransisko akafariki. Habari ilitufikia tukiwa bado tunakula. Kuna mtoto aliyebatizwa asubuhi ile Fransisko, jina la babu yake, na sasa kijiji kizima kinaamini wazazi walipata njozi.

Baada ya hapo ndipo mvua inakatika na mambo yanakwenda mbio: ufuta unakatwa, mahindi yanaingia ndani, shule zinafungwa Juni na ngoma za jando na unyago zinaanza kusikika. Kwenye hili makanisa ya Kusini yana historia yake. Waanglikana walianza Masasi 1876, na huyo Vincent Lucas aliyekuja kuwa askofu wao wa kwanza hapa mwaka 1926 alikataa kuupiga vita jando. Aliuingiza kanisani, ukawa na sala, na msalaba, na mapadri Waafrika waliojua maana ya kila kitu. Wengine walimlaumu. Mimi nadhani aliona jambo ambalo sisi wenye daftari bado hatujaliona, kwamba watu wana mwaka wao tayari, nawe ukija unaingia ndani ya mwaka huo.

Sikukuu ya Mavuno tunafanya mwishoni mwa Julai au Agosti. Hapo ndipo kanisa linapendeza kuliko hata Krismasi. Magunia ya mahindi, mbaazi ndani ya beseni, ufuta, mihogo, kuku waliofungwa miguu wanaojibu kila Aleluya, na boga moja kubwa la mzee fulani ambalo huja kila mwaka kama si lilelile. Baada ya misa unafuata mnada uwanjani. Jogoo anauzwa, aliyemnunua anamrudisha altareni, anauzwa tena, anarudishwa tena, mpaka jogoo yule ana thamani ya mbuzi na kwaya imeishiwa vigelegele. Napenda mnada ule. Hakuna anayelazimishwa, na hata asiye na kitu anapata cha kucheka.

Lakini angalieni kisichokuwepo pale: korosho. Julai korosho ni maua. Zao lililoezeka kanisa letu, lililonunua kinanda, linalolisha pikipiki ya padri mafuta, halijawahi kuwekwa mbele ya altare kwetu. Kalenda hii tumeipokea kutoka kwa Wabenediktini waliotoka Bavaria. Walikuwa Lukuledi tangu 1895 na Nyangao tangu 1896, vita vya Majimaji vya 1905 vikaziteketeza misheni zote mbili, nao mwaka 1906 wakaanza Ndanda. Cha kuchekesha ni kwamba kwao Ujerumani shukrani ya mavuno huwa mwanzoni mwa Oktoba. Tungeiacha pale ilipokuwa ingekutana na korosho uso kwa uso. Tukaisogeza nyuma kufuata mahindi, jambo la haki kabisa, na korosho ikakosa siku.

Badala yake korosho inakuja kanisani ikiwa ujumbe wa simu. Unapima kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mzigo unakwenda ghala kuu, mnada unafanyika, bei ya juu na ya chini zinasomwa, kisha unasubiri hela isome benki. Na ikisoma tu, Novemba hiyo hiyo, madawati ya kanisa yanageuka dirisha la malipo: zaka, tegemeza jimbo, ujenzi wa nyumba ya masista, mchango wa kipaimara, sare ya kwaya, Krismasi ya padri. Mwenyekiti anasimama na orodha, anasoma na majina ya wasiomaliza. Nimekuwa nikisoma orodha hiyo mimi mwenyewe kwa niaba yake. Kanisa limejifunza kukusanya kwa msimu. Kusali kwa msimu bado.

Na hela yenyewe haina uhakika. Msimu wa 2018 minada ilisimama, bei ikatangazwa shilingi 3,300 kwa kilo, tukashangilia, kisha Krismasi ikafika wengi hawajalipwa. Katika daftari la mwaka ule, ukurasa wa Desemba, kwenye safu ya michango kuna "ahadi, ahadi, ahadi" kutoka juu mpaka chini. Na mahudhurio? Yamejaa. Kanisani walikuwepo wote, wameahidi wote. Wengi walimaliza ahadi zao mwaka uliofuata, wamewekewa alama ya vema kwa wino wa rangi nyingine. Sijui kwa nini ukurasa huo haujawahi kusomwa hadharani, wakati ule wa wadaiwa tunausoma kila mwaka.

Basi taarifa yangu nimeiandika hivi. Mwezi wa Saba sikuandika hafifu. Nimeandika: "Waamini wengi walikuwa wakipulizia mikorosho." Nimependekeza kuanzia Juni mpaka Agosti jumuiya isali saa kumi na moja jioni, tena shambani kwa atakayetukaribisha, chini ya mkorosho wake, na katekista aje na maji ya baraka. Nimependekeza Jumapili moja ya Oktoba kila kaya ilete bakuli moja la korosho za kwanza, bakuli lake mwenyewe, si la kangomba. Na orodha ya wadaiwa isisomwe. Atakayetaka kujua deni lake aje kwangu.

Mwenyekiti ameisoma leo asubuhi. Amesema la jioni linawezekana, la korosho altareni atampelekea Baba paroko, na la orodha nimezidisha. Tutalijadili Jumamosi, na mimi sina nia ya kuliondoa.

Kwa sasa kuna Krismasi. Taji la Majilio watoto wa Utoto Mtakatifu wamelisuka kwa majani ya mkorosho. Mshumaa wa rangi ya waridi haukupatikana Masasi nzima, tumefunga karatasi kwenye mweupe. Mkesha utakuwa parokiani, kigangoni padri atafika tarehe 26, kama pikipiki itapita kwenye tope. Maembe yameshaiva. Mchele wa pilau bado magunia mawili hayajalipiwa. Ng'ombe amepatikana, na kama kawaida atachinjwa na mjomba ili sahani ziende nyumba zote bila mtu kuuliza. Tayari ameshaniagiza nimtafutie jiwe la kunolea, la mwaka jana limepotea na anashuku kwaya.