Ngazi ya Salongo: nilivyopata marafiki nikiwa na miaka 41 na mke

Baba mkwe wangu alifariki Aprili 2023, kwao huko karibu na Masaka, nami nikafika msibani peke yangu, lubugo kwapani. Asiyezijua mila za Waganda ataona hapo hapana neno. Lakini mkwe, muko kama wanavyomwita, hamkaribii mama mkwe wake. Hampi mkono, hakai naye chumba kimoja, wakikutana njiani humpisha. Kwa hiyo ile nguo ya gome la mti, bahasha ya mabugo, yaani rambirambi, na gunia la mchele huingizwa ndani na watu aliofuatana nao, na mmoja wao husimama kumsemea. Wakwe wenzangu wawili walikuja na watu wao, mmoja kajaza matatu nzima. Mimi nilisimama nyuma ya migomba mpaka nikapata wazo la kumwomba kijana wa bodaboda aliyenitoa barabara kuu aniingizie mzigo. Aliuingiza kwa heshima zote, kisha akatoka akanidai nauli mbele za watu.

Mke wangu hakusema kitu siku ile. Tulipokuwa tunarudi Jinja, tumeshaipita Lukaya na wauza kuku wake, akaniuliza kwa upole, "Baba Joy, hivi wewe una rafiki?"

Nilihesabu kimya mpaka tukafika Mpigi. Mmoja niliyesoma naye Tororo yuko Dubai. Wa pili alihamia Arua, tunatumiana salamu za Krismasi. Wa tatu tulikosana kwa pesa. Nilikuwa na mke, watoto watatu, wateja wengi, majirani ninaowasalimu asubuhi na jioni, na hakuna mtu hata mmoja ambaye ningeweza kumwambia, "Twende Masaka tukazike."

Nikaanza kuuliza watu. Ushauri niliopewa karibu wote ulikuwa mbovu, na bado unanikera, maana waliokuwa wakinishauri walikuwa na marafiki wao wa tangu utotoni na hawajawahi kutafuta mpya.

Binamu yangu alisema nenda baa, nunua raundi. Mimi nina vidonda vya tumbo, sinywi. Nilikwenda Ijumaa tatu nikakaa na soda yangu nikiwanunulia wanaume bia, ikanitoka laki moja na kitu. Wiki ya nne nikakutana na mmoja wao sokoni, mtu niliyemsikiliza saa mbili nzima akinieleza kesi ya kiwanja chake. Akaniita "mzee wangu" na kupita. Hakulijua jina langu.

Kanisani wakasema jiunge na kikundi cha wanaume. Nikajiunga. Kuna ajenda, kuna kumbukumbu za mkutano uliopita, kuna yatokanayo. Mwezi wa pili wakanichagua mweka hazina. Watu wema sana, na daftari lao ninalitunza hadi leo, lakini mtu unayemdai mchango kila Jumamosi hawezi kukuzoea.

Ushauri wa tatu ndio uliokuwa na sauti tamu: wake wakiwa marafiki, waume watafuata wenyewe. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na anaye mwalimu mwenzake wanayeelewana mno. Mume wa huyo mwalimu anafanya kazi kiwanda cha sukari. Tukawaalika Jumamosi jioni. Mke wangu alipika luwombo wa kuku kwenye majani ya mgomba tangu saa tano mchana, watoto tukawapeleka kwa shangazi yao, mimi nikanyoa ndevu.

Wake walikumbatiana mlangoni wakaingia jikoni, na huko hawakutoka. Sisi wawili tukabaki sebuleni, makochi mawili yanatazamana, meza katikati. Nikasema mvua mwaka huu imechelewa. Akasema imechelewa kweli. Akaniuliza kuhusu Arsenal, nikamwambia mpira sifuatilii. Akaitikia kwa kichwa kwa muda mrefu. Nikauliza habari za miwa, akasema miwa iko salama. Jikoni kicheko kikapasuka, sote tukageuka kutazama mlango kama watoto waliofungiwa nje. Kisha akasema lakini mvua kweli imechelewa.

Hapo yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikaisha. Nyumba nzima giza.

"Wewe si ndiye fundi umeme?" akaniuliza gizani.

"Ndiye. Lakini hizi ni yuniti, si waya."

Nikashika simu ninunue, salio halitoshi, hela zote ziliishia kwenye kuku. Akasema atanunua yeye. Nikakataa. Akasisitiza. Nikakataa tena, mke wangu akapaza sauti kutoka jikoni, "Baba Joy, mwache mgeni anunue, luwombo unapoa!" Akanunua za elfu kumi. Ujumbe ukaja na zile tarakimu ishirini. Mita yetu iko nyuma ya mlango, juu, kwa hiyo mimi nikapanda kwenye kiti na yeye akasimama chini yangu akinisomea kwa mwanga wa simu yake: nne, saba, saba, sifuri... Nikakosea. Tukarudia. Akaruka tarakimu moja, tukarudia tena. Mara ya tatu tukawa tunaziimba mbilimbili, yeye anaanza mimi naitikia, na taa ilipowaka tukapigana mikono kwa nguvu kama tuliofunga goli.

Kisha tukarudi kwenye makochi yetu yanayotazamana, na mazungumzo yakafa papo hapo.

Kesho yake saa moja asubuhi nikamrudishia elfu kumi yake, pamoja na ya kutolea. Akajibu "asante". Huo ndio ukawa mwisho wetu. Mke wangu na mwenzake bado ni chanda na pete.

Ilinichukua wiki nyingi kuelewa nilipokosea, na siku nilipoelewa nilikuwa juu ya dari ya mteja, nikaacha koleo nikakaa. Kwanza, wanaume wawili wasiojuana hawakalishwi wakitazamana. Wapewe kitu cha kushika. Pili, na hili ndilo kubwa, sikupaswa kulipa lile deni asubuhi ile. Nililipa haraka kama anayefunga duka. Ningeliacha wiki mbili, nikapita kwake na muwa au papai na kusema ndugu yangu bado nina elfu kumi yako, tungekuwa na sababu ya kuonana. Mama yangu kule Busia alilijua hili bila kusoma popote. Sahani ya jirani ikija na maandazi, haikurudi tupu hata siku moja, ilirudi na viazi, au mayai mawili, hata chumvi. Mimi nilidhani ni adabu tu. Kumbe sahani ile ilikuwa haipumziki, na kadiri ilivyotembea ndivyo mama alivyokuwa na watu.

Nikaamua kuazima. Na hapa ninajisifu, kwa sababu mpango huu niliubuni mwenyewe.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta anauza samaki mwaloni Masese. Ana mapacha, kwa hiyo mtaa mzima humwita Salongo na mkewe Nalongo. Sisi tunaishi Walukuba, kwenye zile nyumba zilizojengwa zama za Mwingereza kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, ambako watu wa kila kabila walichanganyika na Kiswahili kikawa lugha ya uani. Miaka minne tulikuwa tunaambiana "Habari Salongo," "Nzuri fundi," basi. Nyuma ya nyumba yake ana ngazi ya mkalitusi, nzito kama msalaba. Nilikuwa nimeitazama sana. Ngazi ile haibebwi na mtu mmoja.

Shida ni kwamba mimi ngazi ninazo. Nina tatu, ndiyo kazi yangu. Ile fupi niliiingiza uvunguni, ya pili nikaisimamisha nyuma ya pazia la chumbani, na ile ndefu ya alumini nikaipeleka usiku mjini kwenye duka ninaponunua nyaya. Mke wangu alijikwaa kwenye ile ya uvunguni akaniambia, "Unaficha ngazi kama umeziiba." Jumamosi nikapanda darini nikalegeza msumari mmoja wa bati. Jumapili saa nne, baada ya chai na kabla ya chakula cha mchana (saa za kumwendea mtu kwake ni hizo tu), nikabisha hodi.

"Salongo, naomba niazime ngazi yako. Kuna bati linanisumbua."

Akanitazama kidogo. Akasema, "Haibebeki peke yako hiyo. Ngoja nivae viatu."

Tukaibeba wawili. Ardhi ya pale ina mteremko, ikabidi aishike chini wakati mimi niko juu. Bati lilihitaji dakika tatu. Nilikaa juu saa nzima na nusu nikigonga misumari iliyokuwa imekaza vizuri, kwa sababu Salongo alikuwa ameanza kuzungumza. Mwanaume akishika ngazi, macho yake yako kwenye ukuta, na maneno yanatoka yenyewe. Alinieleza jinsi sangara walivyopungua, na jinsi anavyoogopa maji tangu kaka yake azame. Alieleza kwamba pacha mmoja haongei vizuri na hajui ampeleke wapi. Miaka minne ukuta mmoja, sikuwa najua.

Ngazi haikurudi tupu. Tulipoirudisha nilikuwa na balbu mfukoni na holda mpya, nikamwekea taa ya nje iliyokuwa imekufa muda mrefu. Jumanne Nalongo akamtuma mtoto na ngege wawili kwenye kavera, mfuko wa plastiki. Mke wangu akarudisha sinia na chapati. Wiki ile ile Salongo akaniita mwaloni, friza yake inapiga shoti. Nikatengeneza, nikakataa pesa, nikakubali mukene, dagaa wa ziwani. Kuwa mwangalifu hapa: ukikataa kila kitu unamfunga mwenzako, naye ataona aibu kukuita tena. Kubali kitu.

Yule pacha tulimpeleka hospitali pamoja, mke wangu ndiye aliyejua pa kuanzia. Sasa anaongea, na ananiita mjomba.

Bado kulikuwa na kuona haya. Mara ya kwanza nilipompigia simu bila shida yoyote, kumjulia hali tu, alipokea kwa hofu: "Fundi, nani amekufa?" Nikasema hakuna, nakusalimia. Kimya. "Unanisalimia tu?" Ndiyo. Kimya tena, halafu akasema polepole, "Haya... na wewe umeamkaje?" Tulikata simu wote tunatoka jasho, najua kwa sababu aliniambia baadaye. Mara ya tatu ikawa kawaida.

Kwake yeye nikawapata wengine, wavuvi wawili, mchomeleaji vyuma wa njia ya sokoni, mzee mmoja aliyestaafu reli. Jumapili jioni tunacheza omweso chini ya mwembe wao, ubao wa mashimo 32 na kete 64, na anayesubiri zamu anachoma mahindi. Hakuna ajenda wala mweka hazina.

Agosti 2024 ukoo wa mke wangu ukaitisha lumbe la kumwingiza mrithi wa marehemu. Nilimtajia Salongo tu, sikumwomba. Akauliza, "Matatu tunakodi ya nani?" Tulikuwa saba. Walichangishana mafuta bila kuniambia, na Salongo akavaa kanzu na koti lililopigwa pasi vizuri.

Lukaya tukashuka kula gonja, ndizi za kuchoma. Akanivuta pembeni, mdomo umejaa, akaniuliza, "Fundi, ile ngazi yako ndefu, siku ile ulikuwa umeificha wapi?"

Nikakosa pa kutazama. Miaka minne alikuwa akiniona kila asubuhi nikitoka nayo.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungerudi kwako."

Tulipofika, mimi nilibaki chini ya hema mahali pa muko, nao wakapanga mstari, mizigo kichwani. Mzee mmoja wa ukoo, aliyejifunza Kiswahili kwa Wakombozi, wale askari wa Tanzania waliopita Masaka mwaka 1979, alikuwa akipitisha kikapu cha kahawa ya kutafuna. Alinikumbuka. Akaketi karibu yangu akanieleza habari za mukago wa zamani, jinsi watu wawili walivyochanjwa tumboni, wakagawana punje mbili za tunda moja la kahawa, kila mmoja akala iliyopakwa damu ya mwenzake, na kutoka siku hiyo mlango wa huyu ukawa wa yule. Akatugawia punje moja moja, mimi na Salongo, bila damu, akaniuliza, "Huyu nani yako?"

Kabla sijajibu, Salongo akamwambia kwa Kiganda, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba yeye ndiye mwenye ngazi. Mzee hakuelewa. Salongo akatafuna kahawa yake, akajitwika gunia la mchele, akaingia nalo ndani kwa mama mkwe wangu.