Siku moja maishani mwangu: kumtafuta mkamata-nzi mwenye kishungi msituni Magamba

Saa 11:30 alfajiri, Lushoto bado giza na baridi. Kwenye mkoba: darubini ya 8x42 (inakuza mara nane, kioo cha mbele kina upana wa milimita 42), daftari, kalamu ya risasi (wino unachuruzika daftari likilowa) na kitambaa kikavu. Pumzi ikigusa kioo cha karibu na jicho, kinaingia ukungu na ndege ameshapita.

Saa 12:30. Mwanga hautoshi. Chini ya miti kila ndege ni wa kijivu, kwa hiyo rangi haiandikwi kabisa saa hii. Linaloandikwa ni sauti, kimo cha tawi na jinsi anavyokaa. Wengi wanakosea hapa: wanaandika “kijivu, mdogo”, na maneno hayo yanamfaa kila mmoja.

Saa 1:30 msafara wa ndege mchanganyiko, yaani wa aina mbalimbali wanaotafuta chakula pamoja, unafika. Simama palepale dakika kumi, usiukimbilie. Elminia albonotata, ndiye mkamata-nzi mwenye kishungi ninayemtafuta, yumo humo na hatulii: anashusha mabawa, anatandaza mkia kama kipepeo cha mkaa, anageuka kushoto, kulia, anaruka tawi la pili, anatandaza tena. Uso na kishungi ni kijivu cha kiza, kifua kijivu, tumbo jeupe. Weupe wa mkia uko kwenye ncha za manyoya ya pembeni, na mkia ukifungwa unaweza usiuone kabisa. Ndiyo maana nasisitiza: subiri autandaze. Dume na jike wanafanana, usipoteze muda kuwatenganisha.

Saa 3:00, ukingoni mwa msitu. Hapa yupo mkamata-nzi mwingine, Muscicapa adusta, rangi ya panya, hana kishungi. Huyu anakaa wima, kimya, kwenye tawi lililo wazi. Anachomoka, ananasa mdudu hewani, mara nyingi anarudi tawi lilelile. Kati ya Oktoba na Aprili angalia mara mbili, kwa sababu mkamata-nzi mhamiaji, Muscicapa striata, anakuja kutoka kaskazini. Huyo ana mabawa marefu zaidi, na mistari myembamba kwenye paji la uso na kifuani. Anapenda mahali pa wazi kuliko ndani ya msitu.

Saa 4:30 batisi, ndege mwingine mdogo anayekula wadudu: kichwa kikubwa, mkia mfupi, barakoa nyeusi machoni. Dume ana mkanda mweusi kifuani, jike ana rangi ya kutu. Akishaonekana vizuri hachanganyiki na yeyote.

Mchana kimya.

Saa 10:00 jioni tunarudi kwenye njia ya asubuhi. Sauti ya ndege iliyorekodiwa kwenye simu haipigwi kumwita mwenye kishungi. Wakati wa kuzaliana inamwondoa kiotani akapigane na mpinzani asiyekuwepo, na mayai yanapoa.

Saa 12:00 maandishi ya daftari yanapitiwa upya. Ndege ambaye mkia wake haukuonekana anaandikwa “hajulikani”, hata kama moyo unasema ni yeye.