Maiti ya Papa kizimbani

Nimetoka sasa hivi kwenye mafundisho ya vijana parokiani, hapa Kisumu, na mwili bado unanisisimka.

Leo katekista alitupeleka Roma, mwaka 897.

Papa Formosus alikuwa ameshakufa na kuzikwa kwa miezi kadhaa. Papa Stefano VI akaamuru kaburi lifukuliwe. Maiti ikavishwa mavazi ya kipapa, ikaketishwa kwenye kiti, ikasomewa mashtaka.

Shemasi mmoja akasimamishwa kando yake amjibie marehemu.

Huyo shemasi ndiye hanitoki akilini. Harufu ile puani, maiti ubavuni, na yeye lazima afungue kinywa aseme kwa niaba yake. Alilala vipi usiku huo?

Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Yawa, si wangemwacha tu apumzike!" Nikamwelewa kabisa. Sisi ni watu wa kusafiri na marehemu usiku kucha kutoka Nairobi ili alazwe kwao kwa heshima.

Formosus akapatikana na hatia. Vidole vitatu vya mkono wa kulia, vile alivyobarikia watu, vikakatwa. Mwili ukatupwa mto Tiber.

Mwaka huohuo Stefano naye akanyongwa gerezani. Aliyemzika Formosus upya kwa heshima ni Papa Theodori II, ambaye alitawala siku 20 tu. Siku 20, na akazitumia kwa hilo! Nimempenda bure.

Mlikuwa mnaijua hii? Mliopitia seminari, njooni mniambie zaidi.