Kutoka Mgeni wa Jumapili Hadi Mtu wa Jumuiya: Mkenya Akitafuta Kanisa Dodoma

Mtu anayehamia nchi nyingine kikazi hutafuta kwanza nyumba, kisha shule ya watoto, kisha soko. Na kama amelelewa kanisani, hugundua mapema kwamba kupata mahali pa kusali ni rahisi kuliko kupata watu wa kusali nao. Mimi ni mzaliwa wa Maseno, magharibi mwa Kenya, na nimeishi Dodoma kwa miaka kadhaa sasa. Ninachotaka kueleza ni jinsi nilivyoacha kuwa mgeni anayekaribishwa kila Jumapili, nikawa mtu ambaye asipoonekana anaulizwa.

Ibada yenyewe haikunipa shida. Mimi ni Mwanglikana, na kanisa letu lina mizizi mirefu hapa: Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, makao yake yako Dodoma, na Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu linafahamika na kila dereva wa bodaboda. Huko wageni tulisimamishwa, tukajitambulisha, tukapigiwa makofi. Ulikuwa ukarimu wa kweli, lakini baada ya makofi hurudi nyumbani na kufunga mlango, na hakuna ajuaye kwamba Jumatano umeamka na homa.

Kilichobadilisha mambo ni barua ya utambulisho niliyoandikiwa na kasisi wa nyumbani. Niliipeleka katika kanisa dogo la mtaani kwetu, Nkuhungu. Mzee wa kanisa aliisoma yote akiwa amesimama, akaniuliza nyumba yangu iko jirani na duka gani, kisha akaandika jina langu katika daftari la jumuiya. Siku chache baadaye akina mama wawili walipiga hodi, wakanieleza ibada ya nyumba kwa nyumba ingefanyika wapi juma lile, na zamu yangu ya kuipokea ingefika lini. Hawakuuliza kama ningependa, walikuwa wameshanipangia. Furaha niliyoipata siku ile sijui niieleze vipi, maana kwa mara ya kwanza tangu nivuke mpaka kulikuwa na watu waliotarajia kitu kutoka kwangu.

Jumuiya yetu ni ya watu mchanganyiko. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, lakini ni tangu serikali ilipotangaza kuhamia kwa dhati mwaka 2016 ndipo watumishi wengi walipohama Dar es Salaam pamoja na familia zao. Kwa hiyo katika sebule moja utawakuta Wagogo wenyeji, Mchaga wa wizarani, mwalimu Mhaya, na mimi. Nadhani ndiyo sababu mgeni hapa hapati taabu kubwa: nusu ya waliomo wanakumbuka vizuri walivyofika.

Hata hivyo, roho ya kanisa letu iko kwa wenyeji, hasa akina mama wa Kigogo. Siku ya sikukuu ya mavuno hushika ngoma za muheme katikati ya magoti na kuzipiga kwa mikono mitupu, nao waumini wote hujibu wimbo kwa Kigogo, tunaoujua na tusioujua. Baada ya ibada hufuata mnada wa sadaka zilizoletwa: debe la uwele, beseni la zabibu, jogoo aliyefungwa miguu akilalamika chini ya meza. Mara yangu ya kwanza, jogoo huyo alipandishwa bei kwa nderemo, na mzee aliyemnunua akavuka uwanja na kunikabidhi mimi. Kwetu tulimla Jumatatu pamoja na majirani.

Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kwamba sikuwa mgeni kwa kiasi nilichodhani. Makanisa yetu mawili, Anglikana la Kenya na la Tanzania, yalikuwa jimbo moja, Jimbo la Afrika Mashariki, kuanzia 1960 hadi 1970. Na kabla ya hapo, tarehe 15 Mei 1955, katika Kanisa Kuu la Namirembe, Kampala, Yohana Omari aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Central Tanganyika katika ibada ileile aliyowekwa wakfu Festo Olang', ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu wa kwanza wa Kenya. Bibi yangu alipata kipaimara mikononi mwa Olang', na alimtaja mpaka uzeeni.

Mama yangu alipofariki, taarifa ilinifikia mchana. Kufikia jioni mikeka ilikuwa imetandikwa uani kwangu na mtu alikuwa ameshawasha jiko. Walinikabidhi rambirambi katika bahasha pamoja na karatasi ya daftari yenye orodha ya majina, elfu mbili huyu, elfu tano yule. Wakapanga nani alale na wanangu. Na alfajiri wawili wakanisindikiza hadi kwenye basi la Arusha, ili niendelee kupitia Namanga. Niliporudi walikuja tena kunihani. Sasa ukitokea msiba kwa mwingine, nami natoa, na jina langu huandikwa katika orodha kama la yeyote.

Wakenya tulio hapa tuna kundi letu pia, na nalipenda, maana kuna huzuni za nyumbani ambazo mtu wa kwenu huzielewa bila maelezo. Lakini wenzangu wamesambaa mji mzima, na wengi huondoka mikataba yao ikiisha. Kwa hiyo anayeniuliza kabla ya kuhamia Dodoma namjibu hivi: njoo na barua ya kanisa lako, na uulizie jumuiya ya mtaa unaoishi, hata kama kanisa la mjini lina kwaya nzuri zaidi. Zamu yako ya kwanza ya kupokea ibada ikifika, azima viti kwa majirani na upike chai ya kutosha, kwa sababu watakuja wengi.