Karibuni darasani, mawakili watarajiwa

Leo nilikuwa kwenye kamati ya kuwapokea wanafunzi wapya wa sheria. Binti mmoja akanivuta pembeni, akauliza kwa sauti ya chini: "Dada, kwetu hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuwa wakili. Nitaweza kweli?" Alikuwa amekumbatia faili la vyeti kama mtoto mchanga.

Nikamsimulia habari za Sandra Day O'Connor. Alihitimu sheria Stanford mwaka 1952, tena kwa alama za juu, akazunguka kutafuta kazi, na kampuni moja ya mawakili ikamwambia nafasi iliyopo ni ya ukatibu muhtasi tu. Mwaka 1981 akawa jaji wa kwanza mwanamke katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Binti akacheka, "Ukatibu?!"

Ila tusidanganyane, milango haijafunguka yote. Mafunzo kazini yasiyo na malipo bado yanawachuja watoto wa maskini kimyakimya, na jengo la mahakama lenye ngazi tupu linamzuia wakili anayetumia kiti cha magurudumu kabla hajafungua mdomo. Hilo huniudhi sana.

Kikundi cha kusoma hukumu kinaanza wiki ijayo. Mliochukua namba yangu, pigeni. Usiku wa manane hapana, jamani.