Siku tisa kati ya Usambara na Pangani

Mwezi Januari mwaka 2023 nilichukua likizo ya siku tisa, nikatenga shilingi 300,000, nikafunga mkoba mmoja wa mgongoni na kuondoka Dar es Salaam peke yangu. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeamini, kama wanavyoamini wengi ninaofahamiana nao, kwamba kuitembelea nchi yetu kwa ajili ya kuiona tu ni shughuli ya wageni, na kwamba sisi wenyewe husafiri kwa sababu ya msiba, harusi, kazi au sikukuu. Nilipokaa chini na kalamu nikagundua kwamba kinachomaliza fedha za msafiri si kitanda wala chakula, bali ni nauli. Mtu anayetaka kuona Kilimanjaro, Serengeti na Zanzibar katika wiki moja atazimalizia fedha zake barabarani. Kwa hiyo nilichagua mkoa mmoja tu, Tanga, ambako mlima na bahari vimetenganishwa na mwendo wa nusu siku kwa basi.

Safari ilianza kwa hasara. Aliyenikatia tiketi aliniapia kwamba basi linafika Lushoto moja kwa moja, lakini saa nane mchana nilishushwa Mombo, basi likaendelea na safari yake ya Arusha, na nauli niliyolipa zaidi haikurudi. Tangu siku hiyo sikumuuliza tena mpiga debe jambo lolote la safari. Niliwauliza abiria waliokwisha kukaa ndani ya gari, kwa kuwa hao hawana cha kuniuzia.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami iliyochongwa ubavuni mwa mlima, na nilizipanda kwa hiace iliyojaa, magoti yangu yakiwa yamebanwa na gunia la mchele la jirani yangu. Joto la tambarare lilipungua kila kona, hadi tulipofika Soni watu wakaanza kufunga madirisha. Pale Soni mto unaanguka kwenye miamba karibu kabisa na barabara. Mzee aliyekaa kando yangu aliniambia kwamba maji yale hushuka Mombo, yakaingia mto Mkomazi, na Mkomazi ukaungana na Pangani, unaomwaga maji yake Bahari ya Hindi. Sikuwa nimepanga hivyo, lakini tangu pale safari yangu ikawa ni ya kuyafuata maji yale mpaka mwisho wake.

Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,400. Nilipata chumba katika gesti iliyo nyuma ya soko kwa shilingi 15,000, chenye kitanda kimoja, mablanketi mawili na ndoo ya maji ya moto asubuhi. Mama wa gesti alinipa daftari la wageni, lile kubwa lenye mistari ya kalamu nyekundu, nikajaza jina, kabila, kazi, ninakotoka na ninakokwenda. Alisoma polepole akifuata kwa kidole, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na mwenzako anafika saa ngapi?" Nilimjibu kwamba sina mwenzangu, nimekuja kutembea. Alinyamaza kidogo, akanibadilishia chumba, akanipa kilicho jirani na chake, na kila jioni aliulizia kama nimeshaingia. Nawaandikia hasa wanawake wanaoogopa kusafiri peke yao: ulinzi wangu mkubwa ulikuwa ni kumwambia ukweli mwenyeji mmoja mwenye heshima katika kila mji, na kufika kabla jua halijazama. Uongo wa kumtaja mume anayekuja kesho ungeninyima chumba kile.

Januari ni majira ya plamu na fyulisi. Wauzaji huzipanga mafungu juu ya magunia, na ukitaka kujua bei halisi inafaa kusimama kando kwanza na kusikiliza mwenyeji akinunua. Plamu ya Lushoto iliyoiva ina vumbi jepesi la kijivu juu ya ganda. Ukilifuta kwa kidole gumba, ganda linang'aa jekundu lililokolea hadi kukaribia weusi, na nyama yake ya ndani ni ya njano karibu na kokwa. Nilinunua ndoo ndogo kwa bei ambayo Dar es Salaam isingenipatia hata kilo moja, zikawa kifungua kinywa changu kwa siku tatu pamoja na chapati. Mchana nilikula kwa mama ntilie wali, maharage na mboga za majani, na mboga hizo peke yake zinatosha kumfanya mtu apande mlima ule.

Nilitembea kwa miguu hadi Irente, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa mtu asiye na haraka, nikipita mashamba ya kabichi na watoto waliokuwa wakinisalimia shikamoo kwa pamoja. Mwamba unakatika ghafla, na chini yake, mbali sana, inaonekana tambarare ya Mazinde na barabara kuu ambayo mabasi yake hayakuwa makubwa kuliko punje za mtama. Nilikaa pale hadi mchana. Hiyo ndiyo faida ya kusafiri peke yako ambayo siwezi kuilinganisha na chochote: hakuna anayekuambia twende.

Mtae nilikwenda kwa basi la mchana na kulala usiku mmoja. Kijiji kimekaa juu ya ukingo wa mlima kama mtu aliyekaa kwenye tuta, na alfajiri mawingu yalikuwa chini yetu. Watu wa pale walisema Kilimanjaro huonekana siku ya uwazi. Mimi sikuiona, na sikuona upungufu wowote. Basi la kurudi huondoka giza bado halijapambazuka, hivyo atakayekwenda alipe gesti usiku uleule na awe na noti ndogondogo, maana chenji ni shida.

Jiji la Tanga nililipita haraka, nikalala usiku mmoja tu. Barabara ya kwenda Pangani inapita mikonge, na ni haki kukumbuka kwamba miche ya kwanza ya mkonge katika nchi hii ilipandwa mwaka 1893 Kikogwe, karibu na Pangani, kabla haijaenea na kuubadilisha mkoa mzima kwa jasho la manamba, vibarua wa mkataba waliotoka mbali.

Pangani ni mji mdogo wenye kumbukumbu kubwa. Hapa ndipo Abushiri bin Salim alipoanzia kuwapinga Wajerumani mwaka 1888, na hapa ndipo walipomnyonga Desemba 1889. Nilizunguka majengo ya zamani yanayomomonyoka, mengine yamebakiwa na milango ya kuchongwa bila paa, na niliona uchungu kwamba mji kama huu unaachwa uanguke chokaa kwa chokaa.

Nilitaka kufika Maziwe, kichanga kilichoko baharini ambacho hufunikwa maji yanapojaa, na ambacho wazee wa pale wanasema kilikuwa na mivinje. Hapo ndipo upweke unapogharimu, kwa sababu mashua hukodiwa nzima, awe abiria mmoja au kumi. Sikubishana na bei. Nilimwachia nahodha namba yangu ya simu, nikasubiri siku moja na nusu nikila samaki wa kukaanga na ugali, mpaka familia moja kutoka Tanga mjini ilipopata nafasi, nikachangia sehemu yangu. Tulikaa kwenye mchanga ule mweupe kwa saa mbili, bahari pande zote, kisha maji yakaanza kupanda na nahodha akatuita.

Jioni ya mwisho nilivuka kwa kivuko hadi Bweni. Mto Pangani pale mdomoni ni mpana na wa rangi ya udongo, na mahali unapokutana na bahari kuna mstari unaoonekana kwa macho, kahawia upande huu na kijani upande ule. Nilisimama kwenye kizuizi cha chuma katikati ya baiskeli na matenga ya nazi, nikiutazama. Sehemu ndogo ya maji yale ilikuwa imepita Soni mbele ya macho yangu, au maji yanayofanana nayo, siku saba kabla.

Kesho yake alfajiri nilipanda basi la kurudi nikiwa na shilingi 34,000, kokwa za plamu zilizokauka ndani ya mfuko wa mkoba, na nazi sita ambazo mama wa gesti ya Pangani alinifungia kwa kamba ya mkonge akikataa kupokea chochote.