Siku moja maishani mwangu: daftari la solfa na kompyuta ya zamani, Bukavu

Saa 11 na nusu alfajiri. Kadutu, mtaa wetu hapa Bukavu, bado ni giza, lakini akina mama wa soko wameshaanza kupita na mizigo yao. Nawasha kompyuta kabla ya jiko, maana kuranti, yaani umeme, ikiwepo saa hizi si ya kuichezea. Betri ya mashine yangu ilikufa zamani. Mbele yangu kuna daftari la Papa Mwalimu wa kwaya yetu, nyimbo alizotunga kwa miaka mingi, zote kwa solfa, yaani nota zilizoandikwa kwa herufi: d, r, m, nukta mbili kati ya pigo na pigo, kistari pale sauti inaporefushwa. Pembe za kurasa zimeliwa na unyevu, na nakala nyingine hakuna. Ndiyo maana ninajifunza MuseScore, programu ya kuandika nota kwenye kompyuta. Hii ni wiki ya tatu.

Mdogo wangu aliniletea programu kwenye flashi, toleo la 3, kwa kuwa la 4 linaielemea mashine hii. Ilianzishwa mwaka 2002 na Werner Schweer wa Ujerumani. Ni ya bure, na leseni yake inaruhusu kuinakili na kuigawa, kwa hiyo nimeshawapa vijana wawili wa kwaya bila wasiwasi wowote. Ninamshukuru mtu huyo ambaye hatutaonana kamwe.

Saa 1 na nusu nashuka kwa miguu hadi Nyawera, kwenye duka ninapofanya kazi, kompyuta mgongoni.

Saa 2 tunafungua duka. Kazi yetu ni kuchapa barua, kutoa fotokopi, kupanga kazi za mwisho za wanafunzi wa chuo. Asubuhi wateja ni wengi, ila kati ya mteja na mteja naingiza nota. Unabonyeza N kuanza kuandika, kisha namba ya urefu, kisha herufi ya nota. Namba zilinichanganya mwanzoni: 5 ni nota ya pigo moja, 6 ni mapigo mawili, 4 ni nusu pigo. Sasa vidole vinajua vyenyewe. Klavie, yaani kibodi, ni ya Kifaransa, namba za juu zinataka Shift, basi natumia zile za pembeni kulia.

Saa 4. Kilichonitesa kuliko vyote ni majina ya nota, na nadhani kila mtu wa kwaya zetu atakutana nacho. Shuleni tulifundishwa kwa Kifaransa: do ina mahali pake, haihami. Kwenye solfa, d inahama. Juu ya wimbo huu imeandikwa d = F, yaani d ya Papa Mwalimu ndiyo fa ya shuleni. Na kompyuta haijui do wala fa, inataka herufi: C, D, E. Kwa hiyo m ya daftari ni "la" ya shuleni, nayo ni A ya kompyuta. Nilikuwa natafsiri kila nota mara mbili, na nikifika kwenye alto kichwa kinauma.

Juzi nikapata njia. Naandika wimbo mzima kana kwamba d ni C. Hapo r ni D, m ni E, s ni G, l ni A, t ni B, na f peke yake inabaki f. Nimeyaandika kwenye kikaratasi nikakibandika chini ya skrini. Sauti zote nne zikiisha, nachagua wimbo wote kwa Ctrl+A, naingia kwenye zana, naagiza uhamishwe juu hadi F. Alama ya bemoli kwenye nota "si" inajiweka yenyewe mwanzoni mwa kila mstari. Mara ya kwanza nilipoona nota zote zikipanda pamoja, nilimwita mwenzangu aache fotokopi aje kuona.

Saa 6. Bugali na sambaza, vidagaa vya ziwani, haraka, kisha maneno. Ctrl+L, silabi, kistari, silabi. Neno likiisha, nafasi. Wimbo ni wa matoleo: "Tunakuletea mkate na divai." Tu-na-ku-le-te-a, nota sita, safi. Kwenye mkate niliandika mka-te, na divai ikaanza nota moja mapema. Daftarini neno hilo lina nota tatu, maana ile m inasimama peke yake: m-ka-te. Vivyo hivyo naandika Mu-ngu, si Mun-gu. Mwimbaji akisoma Mun, atafunga mdomo mapema na sauti itafia puani.

Saa 8. Nasikiliza wimbo wote. Mpaka kipimo cha 17, yaani kisanduku cha 17 cha nota kati ya mstari na mstari, mambo ni mazuri, kisha tenori wanabaki nyuma kwa pigo moja hadi mwisho. Wimbo ni wa mapigo matatu kwa kila kipimo, lakini pale tenori daftarini wana m na vistari vitatu, yaani mapigo manne. Nilibonyeza 7 kama nilivyoona, programu ikaikata nota: matatu yakabaki, moja likavuka mstari kwa upinde, na yote yaliyofuata yakasogea.

Nikampigia simu Papa Mwalimu.

"Imba nisikie," akasema. Nikaimba pale pale dukani.

"Aa, hapo tenori walikuwa wanakimbiaga, mwanangu. Nikawaongezea kistari ili wangojee wenzao."

Wengine wote husimama hapo kwa kutazama mkono wake, bila kistari. Kwa hiyo nimeondoa kistari, na kwenye sauti zote nne nimeweka alama ya kusimama, ile nusu duara yenye nukta ndani. Kisha Ctrl+S mara moja. Wiki iliyopita kuranti ilinikatikia nikapoteza vipimo 20.

Saa 10 natoa nakala 12.

Saa 11 jioni, mazoezi parokiani. Tenori walifika kipimo cha 17 wakasimama na wenzao. Papa Mwalimu hakusema kitu. Alichukua karatasi yake, akasoma maneno kwa kidole, akachomoa kalamu ya risasi na kuongeza u moja ndogo.

"Sisi tunasemaga mukate," akaniambia.

Saa 3 usiku kuranti imerudi. Nimebadilisha m kuwa mu kila mahali, nakala ya pili iko kwenye flashi. Nafungua ukurasa unaofuata wa daftari: d = Eb.